Bweni la viziwi, kitengo cha jirani au darasa la kawaida: ulinganisho wa mzazi wa Busia

Katika ukoo wetu kuna watoto wawili wenye tatizo la kusikia, na njia walizopitia shuleni hazifanani. Binti yangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili na nusu. Alipotoka hospitalini hakugeuka tena akiitwa. Tunaishi Busia, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori, na lori liliweza kupiga honi mgongoni kwake asishtuke. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alizaliwa akisikia. Masikio yake yakawa yanatoa usaha mwaka hadi mwaka, tukawa tunamtilia matone ya dukani, na alipofika P.2, darasa la pili la msingi, alikuwa anashika nusu tu ya maneno.

Mimi ni wakala wa forodha. Kutwa nzima naongea: Kiswahili na madereva, Kiingereza na maofisa, Kisamia na Kiganda sokoni. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba swali la kwanza la kuiuliza shule ni hili: tangu mtoto anapoamka mpaka anapolala, nani ataongea naye kwa lugha anayoipata yote? Shule zote nilizozitembelea nazilinganisha kwa swali hilo, na mengine nayaweka nyuma yake.

Kabla ya shule, sikio

Mtoto apimwe kwanza. Hospitali ya Mulago, Kampala, kuna idara ya masikio, pua na koo, na hospitali kadhaa za rufaa za mikoa zina wataalamu wake. Omba karatasi yenye mchoro wa usikivu, uihifadhi kama unavyohifadhi cheti cha kuzaliwa, kwa sababu kila mwalimu mzuri utakayekutana naye ataiuliza.

Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yana nguvu ya desibeli 60 hivi, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Mtoto ambaye haanzi kusikia mpaka sauti ipite 80 au 90 hayasikii hata ukikaa naye ubavuni. Huyo ni kiziwi, na lugha yake itapita machoni. Anayeanza kusikia kwenye 45 anasikia kwamba unaongea, ila herufi zinampotea, hasa zile nyepesi kama s na t. Dada yangu alikuwa akimtuma mwanawe mandazi sita, analeta tisa. Tukamwita mzembe. Sita na tisa, sema mwenyewe kwa sauti ya chini uone kilichobaki.

Usaha nao unatibiwa. Nimeona familia inayouza mbuzi ili mtoto aende shule ya viziwi, kumbe masikio yake yalihitaji kusafishwa na dawa sahihi. Mpwa wangu alitibiwa, usaha ukakoma, lakini tulikuwa tumechelewa na sehemu ya usikivu haikurudi.

Na tuseme kiziwi. Viziwi wenyewe hujiita hivyo, Waganda husema kiggala. “Bubu”, na lile “kasiru” la Kiganda, ni matusi, na shule ambayo mlinzi wake getini anatumia maneno hayo imeshakujibu maswali mengi.

Njia zilizopo

Ya kwanza ni shule maalumu ya viziwi, karibu zote za bweni. Zinazotajwa sana ni ile ya Ntinda jijini Kampala, Ngora kule Teso, na Bwanda upande wa Masaka. Zipo nyingine pia mikoani. Ya pili ni kitengo, ambacho watu wengi hukiita tu unit: darasa moja au mawili ya watoto viziwi ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Ya tatu ni darasa la kawaida, mtoto akiwa na mashine ya sikio au bila chochote. Sisi wa mpakani tuna ya nne, kuvuka kwenda Kenya, nayo nitaigusa baadaye.

Ukikataliwa mlangoni kwa sababu mtoto hasikii, ujue kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi katika elimu. Ofisi ya elimu ya wilaya ina ofisa wa elimu maalumu. Nenda kwake na ile karatasi ya vipimo mkononi.

Mchana, darasani

Siku ya kwanza nilipoingia darasa la P.3 katika shule ya viziwi, watoto walikuwa wamekaa nusu duara, kila mmoja akiwaona wenzake wote. Mwalimu, naye ni kiziwi, alisimama upande ambao dirisha lilimulika uso wake. Alikuwa anasimulia habari ya kisima kilichokauka. Katikati ya hadithi msichana mmoja akagonga meza kwa kiganja, akainuka, akaanza kupinga: kisima hakiwezi kukauka wakati mvua imenyesha ukurasa uliopita. Mvulana akamjibu. Mwalimu akaacha kufundisha akawaangalia wanavyobishana kwa mikono, kasi ile ya watu wazima wakigombea siasa. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mtoto kiziwi akibishana. Nyumbani kwetu binti yangu alikuwa anaomba, anaonyesha kwa kidole, analia au anatikisa kichwa. Nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe mpaka nikatulia.

Hicho ndicho shule maalumu inachokupa kuliko zote: lugha kamili na watu wa kuitumia nao. Lugha ya Ishara ya Uganda ina sarufi yake, ina kamusi iliyotolewa Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2006, na Katiba ya 1995 iliiagiza serikali kukuza lugha ya ishara kwa viziwi wakati nchi nyingi duniani zilikuwa bado hata hazijaitaja. Lakini usidanganyike na bango la getini. Nimefika shule ya viziwi ambako mwalimu alikuwa na ishara za kaa, njoo, chakula, choo na nyamaza, kisha mengine yote aliyaandika ubaoni kwa Kiingereza na watoto wakanakili. Madaftari yao yalikuwa safi ajabu. Nikamwomba mmoja anieleze kwa kuchora kile alichoandika. Akanitazama, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, akaniandikia sentensi ileile tena.

Kitengo ni mwalimu. Sina namna fupi zaidi ya kusema. Binti yangu alianza P.1 katika kitengo kilicho karibu nasi, na mwalimu yule alikuwa mwema na hodari, akifundisha watoto tisa wa umri kuanzia miaka sita hadi kumi na minne chumba kimoja. Muhula wa pili akahamishwa. Wiki sita nzima watoto walikuja, wakafagia uwanja, wakanywa uji, wakarudi nyumbani. Ukikuta kitengo chenye walimu wawili wanaojua ishara vizuri, na mwalimu mkuu anayejua walau salamu, kinaweza kumfaa mtoto kuliko bweni la mbali, kwa sababu jioni anarudi kwa mama yake na mapumziko anacheza mpira na watoto wanaosikia. Ukikuta mwalimu mmoja, uliza siku akiugua inakuwaje.

Darasa la kawaida kwa mtoto kiziwi kabisa, bila mkalimani, mimi nalipinga waziwazi. Watu husema atazoea, atasoma midomo. Kusoma midomo kunampa mtu sehemu ndogo tu ya maneno hata akiwa anaijua lugha tayari. Mtoto asiye na lugha anasoma midomo ya nini? Na lugha yenyewe ni ipi: P.1 mpaka P.3 wanafundishwa kwa lugha ya eneo, P.4 wanahamia Kiingereza, nyumbani Kiswahili.

Kwa mwenye usikivu wa kiasi kama mpwa wangu, darasa la kawaida linawezekana, ila si kila darasa. Mashine ya sikio inakuza kila kitu, sauti ya mwalimu pamoja na madawati, kukohoa na kelele za P.5 upande wa pili wa ukuta. Chini ya mabati mvua ikianza mtoto anaizima mwenyewe, maana inamuumiza. Darasa la watoto mia moja na mashine nzuri ni kama darasa la watoto mia moja bila mashine. Tafuta lenye watoto wachache, akae mbele na kidogo pembeni ili awaone wenzake wakijibu, na mwalimu akubali jambo moja dogo: asiongee akiwa ameuelekea ubao.

Walimu wa mpwa wangu walimwambia dada yangu kila muhula kwamba mtoto anaelewa, kwani akiulizwa anatikisa kichwa. Alitikisa kichwa miaka miwili. Ukimtembelea mtoto wako darasani usimuulize “umeelewa?” Muulize “mwalimu amesema nini?” Swali la kwanza lina jibu ambalo kila mtoto asiyesikia ameshajifunza kulitoa ili aachwe kwa amani.

Usiku, bwenini

Hapa ndipo wazazi tunapouliza kidogo kuliko panavyostahili. Mchana unaoneshwa ofisi, maabara, vikombe vya michezo. Omba uonyeshwe bweni, na uulize umeme ukikatika wanafanyaje.

Kwa watoto hawa taa ndiyo inayobeba mazungumzo. Ikizimika wote wananyamazishwa kwa mara moja. Katika shule aliyoko binti yangu nilishuhudia umeme ukikatika saa mbili usiku, siku ya mkutano wa wazazi. Matroni hakupiga kelele wala kukimbia. Alitoa tochi mfukoni, akaishika kwa kwapa ikimulika mikono yake na uso wake, akasimama katikati ya vitanda. Macho yote yakamgeukia. Akawaambia taa ya sola inakuja, aliyekuwa anaumwa jino anyanyue mkono, na hadithi itamalizwa kesho. Mtoto wa jino akanyanyua mkono. Ndiyo siku nilipoacha kuwa na shaka na bweni lile.

Linganisha na jingine nililoliona: matroni hajui ishara, madirisha yana nondo, mlango mmoja, na mlinzi akaniambia kuna hatari atapiga filimbi. Filimbi kwa viziwi. Oktoba 2022 moto uliwaka bwenini katika shule ya watoto wasioona wilayani Mukono ukaua zaidi ya watoto kumi. Basi uliza milango ni mingapi, ufunguo unakaa na nani, na watoto wanaamshwaje: taa ya kumetameta, au mtu wa kupita kitanda kwa kitanda.

Uliza pia mtoto akiguswa vibaya atamwambia nani. Lazima awepo mtu mzima, wa kike kwa wasichana, anayeelewa ishara za mtoto bila mwingine kumtafsiria. Shule ikikuona mkorofi kwa swali hilo, chukua begi la mtoto muondoke.

Kitengo na darasa la kawaida havina usiku wa kuuliza, na hiyo ni faida kubwa kwa mtoto wa miaka sita. Ila usiku wenyewe unahamia kwako.

Likizo, nyumbani

Nilimpeleka binti yangu bweni mwanzoni mwa P.2 nikaona kazi yangu imekwisha. Likizo ya kwanza nilimfuata. Ndani ya taksi kutoka Mbale mpaka Busia aliongea njia nzima: mikono ikaruka, macho yakacheka, akaonyesha ng'ombe, daraja, askari wa barabarani, akarudi kwenye jambo la shuleni lenye watu watatu na ndoo. Kila aliposimama kungoja neno langu, nilitikisa kichwa. Ndiyo, ndiyo. Karibu na Tororo akasimama. Alinitazama usoni kwa muda, kisha akageukia dirishani, na mikono akaiweka mapajani mpaka tulipofika.

Zaidi ya tisa kati ya kumi ya watoto viziwi huzaliwa kwa wazazi wanaosikia, kwa hiyo taksi kama ile ziko nyingi. Katika ulinganisho huu hiyo ndiyo kasoro kuu ya bweni: mtoto anapata lugha, na familia inabaki bila lugha hiyo. Shule bora nilizoziona huwaita wazazi siku chache kila mwaka kufundishwa ishara. Uliza kama wanafanya hivyo, na ukialikwa nenda, funga duka. Chama cha Taifa cha Viziwi cha Uganda, kilichoanzishwa 1973, nacho kitakuelekeza kwa watu wa kukufundisha. Mimi nilianza P.3 yake ikiishia. Nilijifunza kwa kijana kiziwi anayeshona viatu karibu na kituo cha taksi, jioni tatu kwa wiki, na sasa mimi na mama yake tunamuelewa binti yetu, ijapokuwa yeye husema mikono yangu ina lafudhi.

Kwa wa kitengo hali ni kali zaidi kuliko inavyoonekana. Anarudi kila siku, na kama nyumbani hakuna anayejua ishara, kila siku anapoteza jioni. Usimchagulie kitengo kwa sababu ya ukaribu kisha usijifunze.

Pesa

Shule za serikali zina unafuu wa ada, lakini bweni lina mahitaji: godoro, neti, sabuni, madaftari, mchango wa chakula. Nauli ndiyo inayosahaulika. Unakwenda watu wawili unarudi mmoja, kisha unakwenda mmoja mnarudi wawili, mara tatu kwa mwaka, na siku ya kutembelea juu yake.

Darasa la kawaida linaonekana rahisi mpaka uhesabu mashine. Betri zake ndogo za duara zina kibandiko. Ukikibandua zinaanza kuisha hata mashine ikiwa imezimwa, na zinadumu wiki moja, mbili zikizidi. Kile kiplastiki kinachoingia sikioni kinapimwa kwa sikio la mtoto, na sikio linakua. Kikilegea mashine inapiga mluzi, wenzake wanacheka, mtoto anaivua na kuificha. Ya mpwa wangu ilikaa miezi minne ndani ya kopo la sukari kabla dada hajaigundua. Ukipewa mashine ya msaada, uliza betri na kiplastiki vya mwaka ujao vitatoka wapi.

Mitihani na sekondari

PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni uleule kwa wote, masomo manne, kwa Kiingereza. Baraza la mitihani, UNEB, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada, na viziwi huruhusiwa mkalimani wa maelekezo. Shule ndiyo inayopaswa kuwaandikisha hivyo mapema. Katika shule za viziwi hilo ni jambo la kawaida. Katika darasa la kawaida mzazi ndiye wa kulikumbusha, na alikumbushe mwaka wa P.6.

Usilinganishe alama za shule ya viziwi na za shule ya mjini bila kufikiria. Wengi wa watoto hawa walifika P.1 bila lugha yoyote, wakajifunza lugha na kusoma kwa wakati mmoja. Tazama badala yake barua waliyoandika wenyewe.

Baada ya P.7 mlango unakuwa mwembamba. Kuna Shule ya Sekondari ya Viziwi ya Wakiso na ile ya Mbale. Sekondari ya kawaida inafaa ikiwa na mkalimani wa kweli, kama wale wanaofunzwa Kyambogo. Dada yangu aliogopa neno shule ya viziwi, akidhani ni mwisho wa mtoto. Nilimkumbusha Alex Ndeezi, kiziwi, aliyeingia Bungeni mwaka 1996, na mkalimani wake, akakaa mihula kadhaa.

Kuvuka mpaka

Mumias, Kenya, kuna shule ya viziwi ya siku nyingi, na kwetu Busia ni karibu kuliko Ngora au Kampala. Kenya mtoto kiziwi husoma Lugha ya Ishara ya Kenya kama somo badala ya Kiswahili, jambo ambalo ningelipenda huku. Hata hivyo ishara za Kenya na za Uganda si moja, na mitaala haifanani. Kuvuka kunafaa ukiwa na uhakika kwamba atamalizia hukohuko. Kumvusha P.1 na kumrudisha P.5 ni kumnyang'anya rafiki zake na lugha yake pamoja.

Tulipofikia

Mpwa wangu yuko P.5. Tulimhamishia shule yenye kitengo: asubuhi anakaa darasa la kawaida la watoto arobaini na mashine yake, alasiri anaingia kitengo kujifunza ishara. Dada alidhani ishara zitaua sauti yake. Sasa ndiye anayeongea zaidi mezani, kwa mdomo na mikono, na wiki iliyopita alimwambia mwalimu wake mbele ya mama yake, “Sijaelewa, rudia.”

Binti yangu yuko P.7 na mwakani ni sekondari. Jumamosi hii tunakwenda Mbale kuitazama shule, mwezi ujao Wakiso. Nilikuwa nimeshaandaa maswali yangu kwenye karatasi. Jana usiku aliichukua, akayasoma, akageuza upande wa pili akaandika yake. La kwanza linauliza taa za bweni zinazimwa saa ngapi.